Laini Mpya na Namba Anayoijua Hamza

Mtae, Lushoto
Jumapili, 23 Julai 2006

Mpendwa kaka yangu Sharifu,

Shikamoo kaka. Pokea salamu zangu na za mama, nyingi kadiri karatasi hii inavyoweza kuzibeba. Vipi hali yako na kazi huko Mbeya? Wifi Zakia je, lile goti limepona au bado anachechemea? Na watoto, baridi ya huko wanaivumilia? Huku kwetu Julai hii ni ya kuganda vidole. Mimi ni mzima, ila nimechoka kaka, hata kushika kalamu ni kazi. Mama yuko kama anavyokuwa kila kipupwe: mchana anaota jua ukutani, jioni kifua kinambana. Namshukuru Mungu kwamba anakula.

Kabichi tumevuna, lakini mvua iliharibu barabara na wachuuzi wa Lukozi walichelewa kufika. Nyingine zilipasukia shambani, tukawapa ng'ombe. Hilo tuliache.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu maneno ni marefu, na unajua huku simu hupigwa mbele za watu. Ukisema jambo pale juu stendi, linafika nyumbani kabla yako.

Mara ya mwisho tulipozungumza ulinigombeza, ukasema tubadilishe laini, mtandao wetu umekufa. Sikukujibu kwa sababu ulikuwa unasema kweli. Simu uliyotuachia wakati wa Idd ya mwaka juzi inashika vizuri kule stendi tu, juu mgongoni mwa kilima. Masika yaliyopita mama alibanwa, nikamwacha peke yake kitandani, nikapanda kilima kwenye mvua na matope ili nimpigie Rubeni mwenye pikapu aje atupeleke zahanati. Niliporudi midomo ya mama ilikuwa imebadilika rangi. Tangu siku ile kila nikisikia amekohoa, miguu yangu inajiona iko kilimani.

Lakini mama alikataa laini mpya katakata. Alisema namba hii ndiyo anayoijua Hamza. Na kweli, mdogo wetu tangu aende migodini Mererani hana simu yake. Hupiga kwa simu za watu, na namba anayoijua kwa kichwa ni hii moja. Umepita mwaka na zaidi hatujasikia sauti yake, tangu siku ile aliponikuta na simu kule stendi. Mama alikuwa na hasira naye, unajua mwenyewe. Akitajwa, anasema, "Huyo amenizika nikiwa hai." Hata hivyo simu alikuwa akilala nayo chini ya mto, na ilikuwa ikitoka pale nikienda kuichaji au kukupigia wewe tu.

Sasa siku ya soko walikuja watu wa kampuni mpya na gari lenye spika. Kijana wao mmoja, Silvano, alikuwa akiuza laini na kupiga kelele, "Inashika mpaka uvunguni mwa kitanda, mama!" Nikamuuliza, "Kitanda cha wapi? Cha Lushoto mjini au cha hapa Mtae?" Watu wakacheka, naye akacheka. Sikununua. Nilijiambia kwamba kama ni kugombana na mama, basi nigombane kwa jambo nililoliona kwa macho yangu.

Nikamwendea Mwanamisi, nesi wetu wa zahanati, ambaye tayari anatumia laini hiyo. Nikamwomba atembee nami na simu yake tukaipime. Yule dada ana moyo. Alitoka kazini na sare yake, hajala, akanifuata.

Tulianzia shambani kule bondeni. Hakuna kitu, simu imekufa kabisa. Kisimani, inakuja na kuondoka. Pale ukingoni unapoona nyika yote ya Mkomazi chini yako, simu ikalia, tukafurahi, kumbe ni ujumbe wa kutukaribisha Kenya! Mwanamisi akasema, "Haya, tumeshavuka mpaka bila pasi." Nilicheka kaka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi. Kwenye njia ya zahanati inashika vizuri. Kwa Rubeni vilevile, na akapokea mara moja tulipompigia.

Mwisho tukaingia chumbani kwa mama, maana hapo ndipo penye haja. Mwanamisi akamsalimu kwa Kisambaa, "Onga mshi, mama," akakaa kitandani, akaangalia simu yake. Ilikuwa inashika, si sana, lakini inashika. Akasema, "Ngoja nipige ile yenu tuone kama inaingia." Akapiga na kuweka sauti ya juu. Yule mwanamke wa kwenye simu akasema namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Mama akauliza, "Anasemaje huyo?"

"Anasema namba haipatikani," nikamjibu.

"Namba ya nani?"

"Yetu, mama."

"Haipatikani vipi? Si hii hapa, nimeilalia?" Akaitoa chini ya mto. Ilikuwa imewaka na ina chaji. Mwanamisi akapiga tena, na tena. Yule mwanamke akarudia maneno yake yaleyale.

Kaka, mimi nilijua kwamba kupiga ukiwa ndani haiwezekani. Habari ya kupokea sikuwahi kuifikiria. Ujumbe wako mmoja uliwahi kuingia simu ikiwa dirishani, basi tukaamini kwamba mtu akitupigia atatupata. Haikuwahi kulia chumbani, na sisi tukadhani ni kwa sababu hakuna aliyepiga.

Mwanamisi si mtu wa kuficha mambo. Akasema taratibu, "Mama, mtandao wa laini hii haufiki humu. Anayepiga anaambiwa hivyo ulivyosikia."

"Hata asubuhi?"

"Wakati wowote, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoinunua. Mnara haujahama."

Mama akaishika ile simu kwa mikono miwili, akaifuta kwa upindo wa kanga kama anafuta uso wa mtoto. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anapiga."

Nikafungua kinywa nimwambie kwamba hatujui, huenda ndiyo, huenda siyo. Mwanamisi akanitazama. Nikakifunga.

Jioni ile mama alikula ugali wote. Akaniambia niliteremshe blanketi la Hamza, lile tulilolifungia sandukuni, nilifue, maana limekaa sana na litanuka. Akawa anazungumza habari zake za utotoni, jinsi alivyokuwa anaogopa jogoo. Jina lile nilikuwa sijalisikia kinywani mwake bila laana tangu mwaka jana.

Nilidhani yamekwisha, kumbe ndiyo yameanza. Kesho yake akataka apelekwe stendi na simu yake. Rubeni akampakia mbele kwenye pikapu. Akaketi kwenye benchi la mgahawa wa Klara, mke wa Rubeni, simu mkononi, akisalimiana na kila aliyeshuka kwenye basi. Haikulia. Alirudi amechoka, kifua kikipiga filimbi, na asubuhi akataka tena. Nikampeleka. Nikaacha maharage yanaozea shambani, nikakaa naye kwenye upepo ule wa mgongoni unaokata masikio. Aliposema na siku inayofuata twende, nikashindwa.

Nikamwambia, "Mama, siendi. Baridi hii itakuua njiani."

Akanijibu, "Basi heri nife mahali penye mtandao."

Kaka, nilikaa jikoni nikalia kwa uchovu tu. Hata hasira sikuwa nayo.

Aliyetutoa hapo ni Klara. Alikuja kumwangalia mama na chupa ya chai, akasikiliza yote, akasema, "Mama, hiyo laini niachie mimi. Nina simu yangu ya zamani, vitufe vimekwanguka lakini inapokea. Nitaiweka dirishani pale mgahawani na nitaitia vocha isifungwe. Mimi niko pale tangu basi la alfajiri mpaka jioni."

Mama akauliza, "Akipiga utamwambia nini?"

"Unataka nimwambie nini?"

"Mwambie mama hakukasirika," akasema. Kisha akaona hiyo si kweli, akairekebisha mwenyewe. "Mwambie mama alikasirika, sasa imekwisha. Umpe namba mpya."

Ndivyo tulivyofanya. Laini ya zamani iko kwa Klara, na namba yetu mpya ameiandika kwa mkaa ukutani juu ya jiko, ili hata asipokuwepo mwingine aisome. Laini mpya nimeinunua kwa yule Silvano, nikaiweka kwenye simu yetu. Mara ya kwanza ilipolia chumbani alikuwa ni Mwanamisi anajaribu. Mama alishtuka nusura aitupe, halafu akacheka mpaka akakohoa. Wiki iliyopita kifua kilipombana nilimpigia Rubeni nikiwa nimekaa palepale kitandani, mkono mmoja nimemshika mgongo. Sikupanda kilima. Rubeni alifika, zahanati tukapata dawa, tukarudi mchana uleule. Kwa hilo peke yake kaka unastahili kushukuriwa, wewe ndiye uliyesema tubadilishe.

Hamza hajapiga. Klara husema hivyo kila jioni kabla hajaulizwa, na mama huitikia, "Atapiga," kisha anaendelea kuchambua mboga.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike. Sijui kama Hamza aliwahi kupiga tukamkosa, au alitusahau kweli kama unavyosema. Hakuna wa kutuambia. Siku nyingine naamini alipiga, siku nyingine, nikiwa na jembe na mgongo unauma, siamini kabisa. Lakini mama ameshaamua. Kwake yeye, mtoto wake alipiga mara nyingi na hakutupata.

Wewe sasa utaweza kuzungumza na mama wakati wowote, na atakuelezea haya kwa sauti yake. Nakuomba kaka, kwa heshima zote, akikwambia Hamza alikuwa anapiga, itikia. Usimwambie tena kwamba ametusahau. Kifua chake ni kilekile, lakini hasira imemtoka, na mimi sina nguvu ya kuiona ikirudi.

Ukikutana na watu wa Mererani, waulize. Wape namba zote mbili. Ile mpya nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie sana wifi Zakia na watoto wote, waambie shangazi yao anawakumbuka. Shangazi Fatuma wa Mnazi anakusalimu, alitutumia mchele wa kule chini na malalamiko kwamba humwandikii. Mwanamisi, Rubeni na Klara nao wanakusalimu. Mama anasema Mungu akulinde ugenini, akuzidishie riziki ya halali, na akurudishe nyumbani ukiwa na miguu yako yote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata akichoka,

Hidaya