Kicheko Nilichokisikia Simuni

Jessamma wangu,

Huku nyumbani Kottayam mvua haijakatika. Mtoto wetu Anu ameng'oka jino, na mama anakataa katakata tule fenesi la kwanza bila wewe.

Sikukueleza kwa nini niliacha kupokea simu zako. Siku ile nilisikia mwanamume akicheka karibu nawe, huko hospitalini unakofanya kazi Kuwait, nikaungua kwa wivu. Dada yako akanikokota hadi kwa mshauri, Daktari Remani.

"Ulisikia nini hasa, Shibu?"

"Mwanamume akicheka."

"Na mengine?"

"Mengine nayajua!"

"Unayajua, au unayawaza?"

Akanifundisha kuuliza kabla ya kuhukumu.

Ndiyo maana jana nilipokea. Uliposema yule aliyecheka ni mzee mgonjwa wa wodini kwako, moyo wangu ukasema, "Mwongo huyo!" Nikauacha useme, kisha nikakuuliza, "Anaumwa nini?" Ukanisimulia vituko vyake mpaka ukacheka mwenyewe.

Wivu haujaisha, mke wangu. Sasa namwonea wivu yule mzee, maana yeye anakuona ukicheka, mimi nasikia tu.

Mumeo anayejifunza,
Shibu