Panya wa kisanduku cha tatu

Ihanda, Jumanne jioni, Juni 1981

Leo hakuniuma, na sijui nifurahi au nione aibu.

Muda wote nimeamini ukali wa panya uko kwenye damu. Jike akiniuma mara mbili, nasubiri watoto wake waache kunyonya, halafu nampa nyoka wa maabara amle, ili shule ibaki na ukoo mpole. Wameshakwenda watatu. Huyu wa kisanduku cha tatu angekuwa wa nne.

Jana Mama Sekela, mpishi wetu, alituletea pumba. Akaingiza mkono kisandukuni, akamnyanyua huyo huyo mkali. Panya akatulia, akawa anamnusa vidole.

"Mwalimu, wewe ukija hapa unatokea wapi?"

Nikamwambia natokea kwa nyoka. Kila asubuhi nasafisha kwanza boksi lake, ndipo nawahudumia panya.

"Basi unawajia unanuka nyoka," akasema, akarudi jikoni kwake.

Kwa hiyo leo nimeanza na panya. Sabuni haipatikani, nikasugua mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Nilimshika yeye na vichanga vyake vyote. Akanipanda mkononi kana kwamba hatujawahi kugombana.

Huenda ni bahati tu. Kesho nitajaribu tena, na keshokutwa, na nitamwomba Mama Sekela...

Ila wale watatu nao walikuwa na vichanga. Kwenye daftari la maabara niliandika "mkali" mbele ya kila mmoja. Jioni hii nimelikata neno hilo mara tatu, nikaandika chini yake: aliyemshika alinuka nyoka.