Maneno ya Kumtoa Christina Usingizi

Majengo, Mpanda
2 Machi 2024

Mdogo wangu mpendwa Mariana,

Bwana Yesu asifiwe. Hali yako huko Majimoto ikoje? Shemeji Luhende, wapwa zangu, ng'ombe, wote wazima? Sisi Mungu katutunza. Naandika kwenye karatasi maana simu yako najua anaishika mumeo.

Mwanetu Agape ananyonya kweli kweli, ila mchana analala, usiku ndiyo anafungua duka. Baada ya miaka yote ile ya kuomba mtoto siwezi kulalamika. Shida ni wifi yako Christina. Akikaa kunyonyesha anasinzia, na juzi nusura amlalie mtoto. Basi kazi yangu ni kumsemesha. Nilianza na Zaburi. Mstari wa tatu, kidevu kifuani. Nikawasha redio, mpangaji wa jirani akagonga ukuta: "Baba Agape, mmezaa nyie, sisi tuna kosa gani?" Kinachomtoa usingizi ni habari za watu tu. Nikimwambia fundi mwenzangu Thadei kashona suruali ya mchungaji, miguu yote miwili ya kushoto, anacheka mpaka mtoto anaachia ziwa.

Wewe umelea wanne. Usiku ulikuwa unafanyaje?

Kaka yako,
Yotham

Majimoto
10 Machi 2024

Kaka Yotham,

Shikamoo. Sisi wazima, mpunga umesimama vizuri. Barua yako nimeisomea kwenye majaruba nikacheka peke yangu, watu wakadhani nimerukwa na akili. Mimi nilikuwa nasikiliza kengele za ng'ombe zizini, hii ya yule dume mkorofi, hii ya mama yake. Luhende? Analala kama gunia la mpunga, ukimsukuma anabingirika. Wifi kapata mume. Ila kaka, angalia hizo habari za watu. Za Thadei zikiisha utachimba za ndugu.

Lile nililokueleza mwezi wa kwanza libaki kwako. Damu iliyonitoka kwa huyu mtoto wa mwisho unaijua, na daktari alisema nikibeba mimba nyingine sitapona. Luhende anataka wa kiume, hasikii. Ndiyo maana sindano ya kuzuia mimba nachomea huko Mpanda, huku muuguzi ni dada yake. Nyingine ni katikati ya mwezi wa nne. Nitaaga kwamba nakuja kumwona mtoto.

Mdogo wako,
Mariana

Majengo, Mpanda
24 Machi 2024

Mdogo wangu Mariana,

Salamu katika Bwana, ingawa leo hata kukuuliza hali naona aibu. Kaa chini kwanza usome.

Usiku mmoja mvua ilikuwa kubwa, Christina akaanza kuinama na mtoto mkononi. Habari zote zilikuwa zimeisha. Thadei kaisha, mchungaji kaisha, majirani wameisha. Nikajisikia nasema, "Unajua Mariana anachoma sindano kwa siri?" Akafumbua macho. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuona yuko macho. Nikaendelea mpaka mwisho.

Alhamisi akina mama wa kanisa walikuja kutuombea. Mimi niko barazani kwenye cherehani, namsikia Christina ndani analia: "Ee Baba, mkumbuke wifi yangu wa Majimoto, damu isimtoke tena, na ile sindano mumewe asiijue." Mguu wangu ukagoma kukanyaga. Wote wakajibu amina, na katikati yao alikuwepo mke wa Gelasius, yule binamu wa Luhende. Macho walifumba. Masikio nani anafumba?

Walipoondoka nikamuuliza mke wangu kwa nini kasema. Akanishangaa. "Sikusema, mume wangu. Niliomba."

Siwezi kumlaumu. Yeye alimwambia Mungu. Mimi nilikutoa wewe ili usiku uende.

Mke wa Gelasius anakuja huko kwa Pasaka. Nimtangulie nikaongee na Luhende, au ninyamaze? Sema wewe. Kelvin wa bodaboda atakupa hii mkononi, mpe jibu.

Kaka yako,
Yotham

Majimoto
4 Aprili 2024

Kaka Yotham,

Luhende amejua. Alirudi mnadani akakaa mlangoni, akaniuliza mara moja tu, nikakubali. Hajanipiga. Amesema Mpanda nisikanyage tena, na sasa kila usiku yuko chumbani kwangu, anamtaka huyo wa kiume.

Usije. Atasema tulipanga wote.

Wifi mwambie simkasirikii. Wewe bado sijui.

Mariana

Majengo, Mpanda
22 Aprili 2024

Mdogo wangu Mariana,

Bwana akulinde. Unaendeleaje? Naomba hilo ulijibu kabla ya mengine yote.

Wiki ya sindano yako sikushona. Nilisubiri stendi kila gari la Majimoto, nikiangalia wanaoshuka. Muuguzi wa huku nimemuuliza bila kutaja jina la mtu. Anasema mwanamke akichelewa kidogo bado anachomwa, ila asikae tu.

Habari za watu nimeacha. Christina akianza kusinzia ananiambia, "Sema kitu, Baba Agape." Namlowanishia kitambaa anafuta uso, tunakaa, tunamsikia mtoto anavyomeza. Nikipiga magoti nataka kuanza na jina lako, halafu naogopa kulitamka kwa sauti hata ndani ya nyumba yangu.

Christina anasema yuko tayari kuja huko na mtoto mgongoni, amkalishe Luhende na mama yake mzazi, awaambie yale ya daktari, maana mama mkwe wako naye amezaa, anajua damu. Mimi naona ni neno zuri. Lakini safari hii hatunyanyui mguu mpaka wewe mwenyewe useme ndiyo. Ukisema hapana, ni hapana.

Kelvin nimemwambia asiondoke hapo mpaka umpe kitu. Tafadhali nijibu mapema, hata kwa mstari mmoja, hata wa kunitukana.

Kaka yako,
Yotham