Krimu au Blan Kase kwa Sebule Yako

Muzee Kambale,

Bado siamini. Jumatatu tulikuwa wote juu ya ngazi kule Munigi, unanigombeza eti napaka ukuta kama mtu anayepaka mkate siagi. Jumanne wakanipigia simu kwamba moyo wako umesimama. Wewe, ambaye hukukubali kusimamisha kazi hata kwa chakula. Niliwaambia wamekosea namba.

Mama Kavira, mke wako, aliona haya watu waje kulia katika sebule isiyo na rangi. Umepaka nusu ya Goma, kwako saruji tupu. Kulikuwa na makopo mawili yaliyobaki Munigi, krimu na blan kase, ile nyeupe iliyotiwa kahawia kidogo tu. Akaniambia nichague jinsi ulivyonifundisha miaka sita. "Wacha ukuta, Furaha, angalia mutu," ulikuwa ukisema, kisha unamsimamisha mwenye chumba kati ya rangi mbili.

"Muzee iko nakuya kesho," mama akasema. "Angalia sura yake."

Nikapaka vipande viwili vya mbao, nikaenda navyo morge, chumba cha maiti ulikolazwa. Nikaviweka pande mbili za uso wako. Muzee, nilishtuka. Rangi zote mbili zilikuwa sawa. Nilibadilisha mikono, nikaangalia tena, sawa. Uso wako haukuitikia rangi yoyote. Hapo ndipo nilipojua umekufa. Mlinzi alinishika bega akanitoa nje.

Niliporudi nilimkuta mama amekaa chini, mgongo kwenye saruji. Wewe ungelala humo usiku mmoja kabla ya mazishi. Yeye atakaa humo miaka. Nikainua mbao zangu pembeni yake, hata hakuuliza. Krimu ilimfanya aonekane mgonjwa. Blan kase ilimwacha alivyo. Nikapaka hiyo.

Alipouliza kama nimechagua kwa sura yako, nilijibu ndiyo. Nimemdanganya mama kwenye matanga, na ninaona uchungu. Sasa kila mgeni akiingia, mama anamwonyesha ukuta: "Ni rangi ya Muzee."

Sitamwambia, unisamehe. Pumzika, mwalimu wangu. Vumbi letu jeusi la volkano likishaula ukuta huo nitarudi na makopo, nitamsimamisha mama tena, nimwangalie vizuri, maana naye atakuwa amebadilika.

Furaha wako