Kabla Sijamaliza Kiapo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nina imani barua hii itakukuta umetulia kwenye kiti chako hapo kwa dada, goti limepoa na kikohozi kimekuaga. Sisi huku wazima. Mume wako, yaani mjukuu wako, ameng'oka meno ya mbele na bado anadai hakuna kijana mzuri kama yeye mtaa mzima, kwa hiyo jiandae, posa iko njiani. Mkwe wako anakusalimu na anauliza kama vile vitambaa vya mito vilifika.

Nilikuambia kwamba lile uliloniuliza kwenye simu nitakujibu kwa maandishi, maana tukiongea kwa simu dada naye husikiliza na kuchangia. Uliuliza kama ni kweli nimeonekana kwenye jengo la Udugu, kile chama alichokuwamo Baba. Aliyekuambia hakukosea, Mama. Nakuomba tu usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Yalianzia kwa mwenzangu wa kazini, yule tunayemwita Bisibisi. Aliteleza tukitengeneza lifti kwenye jengo la ofisi, akavunjika nyonga. Unajua hana mke, na hapa mjini hana hata binamu. Nilikwenda hospitali roho juu, nikijiuliza nani atamwogesha, nani atamgeuza kitandani. Nikamkuta bwana mmoja aliyevaa suti ya benki, amepiga magoti, anamkata kucha za miguu. Kesho yake nikamkuta mwoka mikate akimnyoa ndevu, huku wakibishana habari za mpira. Nikauliza mnahusianaje. Mwoka mikate akanijibu kwamba wao ni ndugu, akaendelea kunyoa.

Nilirudi nyumbani nikikuwaza wewe. Nilikumbuka Baba alivyokuwa akivaa koti jeusi kila wiki, mshipi wa buluu umekunjwa mfukoni, na alivyorudi akakaa karibu na redio bila neno. Ukimuuliza, alikujibu kwamba ni mambo ya ndugu tu. Baada ya mazishi uliniambia kwamba chama kile kilimla mume wako huku unaangalia. Maneno hayo sijayasahau. Lakini Bisibisi, kumbe naye ni mwanachama, aliponiomba, akiwa bado kitandani, niende ukumbini kwao nikaone mwenyewe, nilishindwa kumkatalia.

Nikaenda Jumamosi mchana. Ukumbi uko juu ya duka la rangi, na harufu ya tapentaini inapanda hadi ndani. Mimi nilitegemea mafuvu na mishumaa. Nikakuta viti vya plastiki, meza yenye kitambaa cha kijani kilichoungua pasi, na wazee wakitafuta miwani yao. Walinifunga macho kwa kitambaa, kama wanavyomfanyia kila anayetaka kujiunga, wakanizungusha chumba kizima. Aliyenishika mkono ana pumu, tukalazimika kusimama mara kwa mara ili apumue. Upanga walioniwekea kifuani ni wa mbao, umepakwa rangi ya fedha ambayo haijakauka vizuri. Mkwe wako amelifua lile shati mpaka amekata tamaa.

Kicheko kilinikauka tulipofika kwenye kiapo. Mwenyekiti wao, daktari wa meno mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa anasoma, nami narudia. Akafika mahali pa kuapa kwamba nitakayosikia humo sitamwambia mke wangu wala mama yangu. Nikasema, "Hapo sitaweza."

Walinifungua macho. Mwenyekiti aliniuliza sababu, bila ukali. Nikamwambia kwamba mama yangu aliishi na mume aliyeleta maneno yake yote katika chumba hiki, nyumbani akarudi na ukimya, na mimi sitaki mke wangu aishi hivyo.

Mzee mmoja akasimama nyuma. Ni mchora mabango, ndiye aliyemwingiza Baba chamani. Mikono yake sasa haitulii, ameacha kuchora. Akasema, "Mwenyekiti, kijana hajaapa bado. Naomba niseme sasa hivi, kabla hajamaliza, ili kesho asiwe amevunja neno la mtu." Akaeleza kwamba Baba aliwaachia ruhusa: mwanawe akija mwenyewe kwa miguu yake, aambiwe.

Mama, kama umesimama, kaa. Unajua kwamba sikuwahi kumsikia Baba akimtaja dada yangu wa kwanza, yule aliyefariki akiwa bado ananyonya, kabla mimi sijazaliwa. Uliniambia hakutoa chozi hata siku ya kumzika, na kwamba hilo ndilo lililokuumiza kuliko yote. Kumbe kule juu, kila walipofika kwenye saa ya kila mtu kusema lake, Baba alisimama akamtaja kwa jina. Alisema, leo angeanza shule. Miaka ikapita akasema, leo angekuwa anabishana nami habari za wavulana. Wiki niliyooa alisimama akasema angependa kumwona dada mtu akimfunga mdogo wake tai. Alikuwa analia, Mama, wazi mbele ya wanaume wote. Nao walimjibu neno moja tu, "Tumesikia," akakaa.

Mchora mabango anasema walimsihi akakwambie. Akawajibu kwamba akilianzisha hilo nyumbani utavunjika upya, na hataweza kukuona hivyo mara ya pili.

Alikosea. Sina njia nyingine ya kusema. Mlikuwa wawili katika nyumba moja na kila mmoja alidhani analia peke yake. Lakini moyo wake haukuwa wa jiwe, na tangu nijue hivyo kifua changu kimekuwa chepesi kama mtu aliyetua mzigo. Natamani na chako kiwe hivyo.

Nimejiunga, Mama. Waliondoa maneno yale kwenye kiapo changu, ingawa mwenye pumu alinung'unika. Siri za wenzangu nitazitunza. Za kwangu nitakuja nazo nyumbani. Ukiniuliza kama inafaa, nitasema hotuba zao ni ndefu na kofia zinachekesha, ila Bisibisi sasa anatembea na gongo, na kila siku kuna mtu pembeni yake.

Mchora mabango anaomba ruhusa aje kukusalimu. Anasema yako mengi ambayo Baba alisema kuhusu mtoto, na kuhusu wewe, na angependa kuyakabidhi kwa mwenyewe. Nijulishe siku, nitamleta.

Msalimu dada na shemeji, na watoto wote. Mpe dada barua hii aisome pia, ila wewe maliza kwanza.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako