Alama Moja Usiitangaze

Dada Akiru,

Kipindi chako kiko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ungekatiza salamu zangu uniulize. Kile kipindi cha mifugo iliyopotea, ulichokitangaza kwenye redio yetu hapa Isiolo mpaka ulipolazwa, sasa kiko hewani kila asubuhi, na mtangazaji ni mimi, Halima wako, uliyemfundisha kazi akiwa ametoka tu shule, sauti ikimtetemeka.

Haikuwa rahisi. Ulipotuacha, meneja mpya alitaka kukifuta. Siku hizi kuna kaunti, alisema, watu wanataka siasa na muziki, "si habari ya ngamia ya mtu." Niliumia, Dada. Uliandika magazetini miaka mingi, ukatoa kitabu kuhusu wafugaji wa kwetu, ukaalikwa Nairobi kukizungumzia, na bado ulisema kazi yako kubwa ni ile nusu saa ya mbuzi na ng'ombe. Nilimsumbua bwana yule mpaka akakubali kukijaribu tena, ila alisisitiza kukiendesha mwenyewe kwanza, atuonyeshe kinavyochangamshwa.

Ungekuwepo! Mtu mmoja alikuwa ameokota ngamia jike karibu na Gotu. Meneja akasoma yote hewani: rangi, sikio lililokatwa ncha, hadi chapa iliyo pajani. Kabla ya adhuhuri wenye ngamia walikuwa watatu, wamesimama langoni wakigombana, kila mmoja akiapa kwa chapa ileile aliyoisikia redioni. Nilicheka hadi nikashika mbavu, kisha nikalia kidogo, maana nilisikia sauti yako: "Halima, alama moja usiitangaze. Mwenyewe ataisema."

Kuanzia hapo meneja akaniachia kiti.

Halafu ngamia wa familia moja wakapotea upande wa Kipsing. Vijana wakasema wameibiwa, wakataja kabila la majirani, na wengine wakaanza kukusanyika na bunduki. Meneja akataka niisome kama habari ya wizi, kabila likiwemo, kwa sababu mji mzima ulikuwa unaizungumza. Nikakataa. Nilikuwa naogopa sana, usidhani nimekuwa shujaa. Lakini nilikuona ukikunja uso na kuniambia, "Ngamia haina kabila." Nikatangaza rangi zao na mahali walipoonekana mara ya mwisho, nikaomba aliyewaona apige simu. Alama moja nikaificha: ngamia anayeongoza alivaa kengele ya mbao yenye ufa, ufa wenyewe umeshonwa kwa waya. Mwenye ngamia ndiye aliyeniambia.

Nikaweka muziki. Simu haikulia. Nikaweka wimbo mwingine, na meneja amesimama nyuma ya kioo, mikono kiunoni.

Ndipo mzee mmoja akapiga, kutoka kwa hao hao majirani waliokuwa wakilaumiwa. Nikamuunganisha moja kwa moja hewani.

"Salaam aleikum. Hizo ngamia ziko kwangu. Zilifuata maji, zikaja zenyewe. Ile ya mbele iko na kengele ya mti, imepasuka, ikashonwa na waya. Mwambie mwenyewe akuje achukue. Hiyo vijana waende nyumbani."

Na walienda, Dada! Mwenye ngamia alienda kwa yule mzee akiwa na wanawe wawili, wakapewa maziwa, wakarudi na wanyama wote. Hakuna mama aliyelia Kipsing wiki ile. Wiki iliyofuata meneja alibandika ratiba mpya ukutani, na sisi tuko juu kabisa, kabla ya siasa. Hajaomba msamaha, lakini chai ananiletea yeye mwenyewe.

Kitabu chako pia kinatembea. Walimu wananiuliza kinapatikana wapi, na nakala yangu imeazimwa sijui iko kwa nani. Nitaitangaza nayo.

Ila kitu nilichotaka kukuambia hasa ni hiki. Kabla ya kukata simu, yule mzee alisema, mji wote ukisikia, "Asante, Akiru. Mungu akuweke." Hakuwa na habari kwamba umefariki. Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikashindwa. Nikamjibu, "Asante, mzee wangu."

Pumzika, dada yangu. Maadamu nina sauti, mtu wa nyika hii akipoteza mnyama atapata pa kupiga simu, na wakiniita kwa jina lako nitaitika.

Halima