Mkate wa Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Nimemwambia Baba. Neno limetoka!

Nilisubiri mteja wa mwisho aende zake. Baba alikuwa mezani anakata suruali. Nikamwambia bila kuzunguka: nimepata nafasi hospitali, tarehe mbili mwezi ujao, nafanyiwa upasuaji wa kifua, wananiwekea kipandikizi. Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Baba huyu huyu aliyenichapa vidole kwa rula nilipokuwa najifunza kazi, eti mkasi ukishaanza safari haukai njiani, kitambaa kitaota meno! Akaniuliza kitu kimoja tu — kwani kazi yangu ina kasoro gani?

Kazi yake haina kasoro. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe.

Niliandike sasa, kwa kuwa sijawahi kuliandika popote. Nilizaliwa bila msuli wa kifua upande wa kulia. Kushoto mwanamume kamili, kulia bapa. Nilipofika miaka kumi na miwili na wenzangu wakaanza kujaa mabega, Baba alishona kitu cha pamba, mviringo kiasi, chembamba pembeni na kinene katikati, akakificha ndani ya shati langu la shule. Marehemu Mama akakiita mkate. Jina likabaki. Tangu hapo kila shati lina mkate, kila koti lina mkate, hata pajama! Miaka ishirini na miwili. Nikinenepa, mkate mpya. Nikikonda, mwingine. Nje hajui mtu. Mke wangu nilimwambia wiki moja kabla ya ndoa, naye akashusha pumzi: alidhani nakuja kukiri mtoto wa nje.

Na hajawahi kunipima. Mara ya kwanza alipojaribu, futi ya kupimia ilipogusa pale, nililia mpaka Mama akaja mbio. Baba akaikunja futi, akaiweka mfukoni. Tangu siku ile ananipima kwa macho. Anavaa miwani, anasimama ng'ambo ya meza, ananitazama kidogo, anakwenda kukata. Hakosei.

Sasa nitamwambiaje kwamba nataka siku moja nisimame mbele ya kile kioo kirefu cha dukani, bila shati, mlango ukiwa wazi? Wateja wote wanasimama pale. Mimi mwenye duka, sijawahi.

Alhamisi, 6 Machi

Baba hanuni. Afadhali angenuna. Ananitajia vipimo tu. Kiuno themanini na nne. Mkono sitini na mbili. Namjibu vipimo. Mke wangu alileta chakula cha mchana, akatusikiliza, akauliza mtaongea kwa sentimita mpaka lini.

Jumatano, 12 Machi

Kliniki. Daktari ni mama mmoja mfupi, mikono midogo, hacheki ovyo. Akaanza kunipima — anashika futi vibaya! Kaiachia inalegea mgongoni. Nikavumilia mara ya kwanza. Mara ya pili nikamwambia, samahani dokta, hapo umejipunja sentimita nzima. Nesi akageukia ukutani kuficha kicheko. Daktari akanipa futi: haya, nionyeshe. Nikamwonyesha! Akapima upya, akaandika upya. Nimetoka pale nimejaa kama nimeshapandikizwa.

Kisha wakanipaka plasta kifua kizima, baridi, nikakaa bila kupumua vizuri mpaka ikauke. Watachonga mfano wa nta kwanza, wakiiga upande wa kushoto, halafu ndio kipandikizi chenyewe, silikoni ngumu kiasi, si ile ya majimaji. Daktari akasema nikirudi nije na kile ninachovaa ndani ya nguo. Anataka kukiona.

Nilikivua pale pale. Akasema siku nyingine, siku nyingine, vaa.

Jumatano, 26 Machi

Leo niliyoyaona sitayasahau.

Daktari aliweka mfano wa nta mezani. Akaweka mkate wa Baba pembeni. Akachukua kile chombo chao cha chuma cha kupimia unene, akapima nta, akapima mkate, ukingo hadi ukingo. Akamwita mwenzake kutoka chumba cha pili. Mwenzake naye akapima. Tofauti milimita mbili! Mbili tu, na kwa sehemu moja, karibu na kwapa. Akauliza nani amechukua vipimo vya mwili wangu, na kwa mashine gani.

Nikasema Baba. Kwa macho. Kutoka ng'ambo ya meza.

Hakuniamini. Nikaapa. Akaomba abaki na mkate awaonyeshe wanafunzi wake. Nilitaka kukataa, halafu nikaona fahari inanipanda hadi masikioni. Nikamwachia. Nimerudi nyumbani upande mmoja, mkono umekunjwa kifuani, kama mtu aliyefungwa bandeji. Sikujali!

Dukani nikamweleza Baba yote. Milimita mbili. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akasema milimita mbili ni nyingi. Basi. Akaendelea.

Jumatano, 2 Aprili

Asubuhi. Njaa, kiu. Wamenivalisha gauni la hospitali. Aliyelishona hanitakii mema: mgongo wote nje, mikono miwili haifanani urefu. Naogopa, ndiyo maana natukana mishono ya watu. Mke wangu yupo. Baba hayupo. Wanakuja na kitanda.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika kwa kushoto. Kipo! Nimeamka na kipo. Maumivu — usiombe. Mrija unatoa maji ya damu. Mkono wa kulia nisiunyanyue.

Baba hakuja. Ameleta shati kwa mkono wa mke wangu. Linafunguka mbele lote, linafungwa kwa kamba, mkono wa kulia mpana ili nisilazimike kuinua bega. Nesi wa zamu ameuliza limenunuliwa wapi.

Jumanne, 8 Aprili

Wameondoa bandeji. Nilitaka kuona mshono kabla ya kifua, ndivyo nilivyo. Uko kwapani, mrefu kama kidole. Nikaomba kioo cha mkono. Mungu wangu, ushonaji ule! Ndani kwa ndani, uzi hauonekani, hakuna pindo, hakuna mkunjo mwanzoni wala mwishoni. Nikamwambia daktari, hata nikikuajiri leo sikufundishi kitu, ila futi tu. Leo alicheka.

Kisha kifua. Kimevimba, kina rangi ya zambarau na njano, na ni changu. Pande zote mbili! Nilifunga mlango wa choo cha wodi nikalia, nikanawa uso, nikajitazama tena, nikalia tena. Nina miaka thelathini na minne. Najivunia, naandika wazi wazi, najivunia.

Nataka Baba aone. Hilo tu limebaki.

Jumapili, 20 Aprili

Mjinga. Mjinga mimi!

Nimekatazwa kazi wiki sita, navaa fulana ya kubana usiku na mchana. Nilikuwa nimekaa tu dukani kuangalia. Mdogo wangu, bibi harusi wetu wa mwezi ujao, alikuwa anapigiwa pasi gauni lake na mke wangu. Pindo likaenda kombo. Dogo tu, lakini mimi macho yangu hayalali. Nikanyakua ile pasi kubwa kwa mkono wa kulia. Nikalinyoosha pindo vizuri kabisa. Saa mbili baadaye kifua kikaanza kujaa, sasa kimevimba na kinachezacheza nikikigusa. Kuna maji ndani.

Baba aliona. Alisimama na kanda ya kiuno mkononi. Hakutaja kipimo.

Jumatatu, 21 Aprili

Daktari ameyavuta maji kwa sindano, bomba moja na nusu. Amenisema mpaka nikajiona mdogo. Maji yakirudi na yakaingia vijidudu, hakuna mjadala, kipandikizi kinatolewa. Kinatolewa! Akaniuliza yeye amefanya kazi saa tatu kwa ajili ya pindo la nani.

Nikirudi bapa, Baba hatasema nilikuambia. Atavaa miwani, atasimama ng'ambo ya meza, atakwenda kukata mkate mwingine. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko sindano.

Ijumaa, 25 Aprili

Maji hayajarudi. Sigusi kitu. Hata kijiko nalishwa. Mke wangu anasema nimezoea haraka.

Jumatano, 14 Mei

Fulana imevuliwa. Daktari kabonyeza huku, kabonyeza kule, kaniambia inua mkono. Nikainua, wote, juu. Safi. Amesema nimepona na amesema pia mkate wa Baba uko kwenye kabati la vioo la wanafunzi, na wanafunzi wanabishana ulipimwaje.

Nilirudi dukani kwa mlango wa nyuma. Baba alikuwa mbele na Mwalimu, mteja wetu wa tangu zamani, anayebishana na kila suruali. Sikuonekana. Nikamsikia Baba anamwambia eti siku hizi hata hospitali kubwa wanachukua sampuli kwake, madaktari wanasomea kazi zake. Mwalimu akauliza sampuli za nini. Baba akasema mambo ya kitaalamu, huwezi kuelewa.

Nilirudi nje nikazunguka jengo zima nacheka peke yangu. Kumbe! Kumbe mzee anatamba!

Lakini kifua hajaomba kukiona. Na mimi sijavua.

Ijumaa, 23 Mei

Harusi kesho. Baba kanikabidhi koti, limefungwa kwa karatasi. Kalishona peke yake, nilipokuwa nalishwa kwa kijiko. Nikasema ngoja nilijaribu. Akasema wewe sijawahi kukujaribisha nguo tangu uzaliwe, utalivaa kesho.

Kweli. Hajawahi, na haijawahi kuhitajika.

Jumamosi, 24 Mei

Saa tano asubuhi, dukani. Naandika kwenye kitabu cha oda, nitakuja kunakili. Niko bila shati. Nieleze.

Harusi ni saa nane. Mimi na Baba ndio tunamsindikiza mdogo wangu, tuliahidiana kutokea hapa dukani pamoja. Nikafungua karatasi. Koti la buluu nzito, bega limekaa, kola imelala yenyewe. Nikalivaa, nikafunga vifungo, nikageukia kioo kirefu.

Kulia kumefura! Kifua changu, halafu juu yake mkate. Upande mmoja mwanamume, upande mwingine wanaume wawili.

Baba akanitazama kiooni. Nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo. Akasema, taratibu sana, mikono imefanya yenyewe. Alikata kwa karatasi ile ile ya kukatia nguo zangu inayoning'inia kwenye msumari, akashona mkate, akafunga bitana, asifikirie hata mara moja. Miaka ishirini na miwili, akasema. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Sijawahi kumwona amekaa kile kiti.

Nikamwambia Baba, si neno, litafumuliwa. Nikasema tena, litafumuliwa tu.

Akainuka. Akachukua wembe. Akalilaza koti kifudifudi mezani, akafungua bitana uzi mmoja mmoja, akautoa mkate, akauweka pale kwenye chaki. Halafu akasema hawezi kurudisha mshono kwa kubahatisha. Kifua hiki hakijui. Hakukishona yeye. Vua na shati.

Mlango uko wazi, nikasema. Akasema anauona.

Nimevua.

Nimesimama mbele ya kioo kirefu, saa tano ya asubuhi, barabara nzima inapita. Na ni nani aingie ila Mwalimu, kufuata suruali yake! Kanitazama kifua, kautazama mkate mezani. Kauliza hicho ni nini. Nikamwangalia Baba, maana siri ile ni ya Baba kuliko yangu. Baba hakugeuka. Akasema, hiyo ni kazi yangu. Akanionyesha mimi kwa kidevu, akasema, na hii ni ya mwenzangu wa hospitali. Ngoja nione kama anajua.

Mwalimu ameketi. Amesahau suruali.

Baba akaichomoa futi mfukoni, akaikunjua. Akanikemea nisivute pumzi kujitunisha, anataka kipimo si maonyesho. Akaileta karibu. Chuma cha ncha kilinigusa kulia, baridi, na mkono wake ukasimama. Kama mkasi ulivyosimama ile siku. Akauliza, panauma? Nikasema hapana, Baba. Akasema haoni vizuri, anahitaji miwani. Ameondoka kuitafuta.

Ndiyo nimepata nafasi ya kuandika. Anafungua droo moja, anafunga, anafungua nyingine. Ameinama chini ya cherehani. Miwani iko kichwani kwake. Mwalimu ameiona pia, amefungua kinywa aseme, nimemzuia kwa macho.

Atafute tu. Amechelewa kuinuka, anapangusa uso kwa kipande cha bitana.

Kaigusa miwani kichwani. Kaivaa. Anakuja na futi.